Profesa wa visiwani na mikono ya mdogo wangu

Mara ya kwanza kufika Mfangano nilikwenda matangani. Rafiki niliyesoma naye stashahada Nairobi alikuwa amefiwa na babake, nasi watu wa pwani msiba wa mwenzetu hatuuachi hata ukiwa mbali namna gani. Nikapanda basi Mombasa, nikalala njiani, siku ya pili nikawa Mbita naangalia ziwa. Huko daraja linakuvusha mpaka Rusinga tu. Mfangano lazima uingie botini.

Msomaji wangu, mimi nimezaliwa kando ya maji nikadhani bahari ndiyo inayojua kuyumbisha. Lile ziwa lilinitia adabu. Tulipofika Sena nilikuta omena wameanikwa juu ya nyavu ufuoni, na usiku nikaona taa za wavuvi zimetanda majini kama karabai zetu za kuvulia dagaa. Nikajisikia niko nyumbani, ila lugha ndiyo iliyonitoa. Kila mtu akisema Kijaluo. Kisha nikamsikia ajuza mmoja, nyanyake rafiki yangu, akinong'ona peke yake kwa lugha nyingine kabisa, yenye maneno ambayo masikio yangu ya Kibantu yalikaribia kuyashika. Wajukuu walimwitikia kwa Kijaluo. Walikuwa wakimheshimu, lakini hawakumwelewa.

Ile ilikuwa Kisuba. Mababu wa Wasuba walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda zamani, wakakaa na Wajaluo, wakaoana nao, wakafanya biashara nao, na vizazi vichache baadaye watoto wao wakawa Wajaluo kwa ulimi. Shule na kanisa vilipokuja vilikuja na Kijaluo, vikamaliza kazi. Siku hizi kipo kituo kidogo cha redio hapo kisiwani, Ekialo Kiona, ambacho jina lake lenyewe ni la Kisuba. Lakini redio haiwezi kumpa ajuza mjukuu wa kuzungumza naye jioni.

Tulipokuwa tumekaa nje usiku ule, mzee mmoja akasema kwamba mtu aliyejua habari za lugha kuliko wote walikuwa naye wenyewe, akamtaja Profesa Okoth Okombo kama mtu anavyotaja jamaa yake. Nilishtuka. Jina lile nililijua kwa miaka mingi, na nilikuwa na sababu yangu ya kulijua, lakini sikuwahi kujiuliza mwenye jina alitoka wapi. Kumbe alikuwa mtoto wa visiwa hivi vya Suba.

Duncan Okoth Okombo alizaliwa 1950. Aliifanya isimu kuwa kazi yake, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa kituo chake mpaka mwisho. Kazi zake ndizo zilizotembea: utafiti wake juu ya sauti za Kijaluo ulichapishwa Berlin mwaka 1982, na sarufi yake kubwa ya lugha hiyo ikatoka Cologne mwaka 1997. Fikiria maneno ya wavuvi wa omena yakipigwa chapa Ujerumani! Katikati ya vitabu hivyo, mwaka 1983, aliandika riwaya kwa Kijaluo, Masira ki Ndaki, jina ambalo kwa Kiswahili tungesema balaa haikimbiliki. Mwaka 1986 akamaliza shahada ya uzamivu, na hiyo pia ilikuwa juu ya Kijaluo, namna maneno yanavyopangika katika sentensi.

Hapa nina neno langu. Mtu wa visiwa vya Wasuba, maisha yake yote ya kitaaluma anakijenga Kijaluo, lugha iliyokimeza Kisuba. Wengine wangemlaumu. Mimi siwezi, kwa sababu najua nyumbani kwangu hali ikoje. Marehemu bibi yangu akisema Kimvita cha ndani, na mimi nakielewa, na wanangu wanacheka. Kila mmoja wetu huandika kwa lugha aliyonyonya, si kwa lugha ambayo babu wa babu yake alinyonya. Na Okombo hakufumbia macho jambo hilo. Mwaka 2001, alipotoa muhadhara wake rasmi wa uprofesa pale Nairobi, mada aliyoichagua ilikuwa sera ya lugha. Alilalamika kwamba Afrika inapopanga maendeleo na utawala wake, lugha ni kitu kinachosahauliwa. Tunahesabu barabara, tunahesabu visima, na hatuulizi mwananchi ataelezwa mambo hayo kwa lugha gani.

Lakini haya siyo yaliyonifanya nimjue.

Mimi nina mdogo wangu kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimpata akiwa na miaka miwili, ikamwacha hai na ikachukua masikio. Alipofika umri wa shule akapelekwa bweni, shule sitaitaja. Alirudi likizo ya kwanza akiwa na alama kwenye vidole. Walimu walitaka aseme kwa mdomo na asome midomo ya watu, na kila alipoinua mikono kuzungumza na wenzake alipigwa mikono hiyo hiyo. Mama akalia. Baba, Mungu amrehemu, akasema walimu ndio wanaojua. Mimi nilikuwa mtoto, na nakiri hapa nilichokuwa nikikiamini: kwamba zile ishara ni kuigiza tu, ni kama mtu anayeagiza maji kwa kuonyesha kikombe. Nilimwonea huruma mdogo wangu kwa kukosa lugha.

Nilipokuwa Nairobi kwenye stashahada nilikwenda maktaba kutafuta kitu kingine kabisa nikaangukia makala ya 1997 ambayo Okombo aliandika na mwenzake Philemon Akach. Ilieleza jinsi lugha ya ishara ya Kenya ilivyokuwa ikikua. Viziwi wa shule hii wana ishara zao, wa mji ule wana zao, lakini kila wanapokutana ishara husambaa kama mawimbi, zinagongana, zinakaribiana, mpaka taifa zima la viziwi linaanza kuelewana. Niliisoma nimesimama. Hawa watu walikuwa wakizungumza habari za mikono ya mdogo wangu kwa maneno yale yale ambayo wataalamu wanatumia wakizungumza habari za Kiamu na Kimvita na Kiunguja!

Baadaye nikajua kuwa tangu mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya, na Okombo alikuwa miongoni mwa waliouasisi. Wakati huo kufanya hivyo ilikuwa kama kujitafutia kuchekwa. Shule nyingi zilikuwa ama zinalazimisha mdomo, ama zinatumia ishara zilizopangwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, ambazo kwa kiziwi ni kama mimi kukuandikia makala hii kwa maneno ya Kiswahili na sarufi ya Kichina. Okombo alikuja na kipimo cha mwanaisimu: lugha hii ina sarufi yake, ina mpangilio wake, basi ni lugha, na mwenye lugha hapigwi kwa kuizungumza. Mtu aliyekwisha kuichambua sentensi ya Kijaluo mpaka kwenye mifupa hakupata taabu kuuona mfupa pale wengine walipoona vidole vinacheza.

Katiba ya 2010 ilipokuja, ibara ya 7 ikaitaka serikali iikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na ibara ya 120 ikaifanya moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sisemi ni kazi ya mtu mmoja. Viziwi wenyewe walipigania, tena miaka mingi, na wao ndio wenye mali. Ila haki yao ilihitaji pia mtu wa kusimama mbele ya wasomi na kusema kwa lugha ya wasomi, na mtu huyo alitoka kisiwani ambako ajuza ananong'ona peke yake.

Profesa aliaga dunia Novemba 2017. Magazeti yaliandika, kisha yakaendelea na siasa za uchaguzi mwaka ule. Huku pwani sikusikia mtu akimtaja, na mimi mwenyewe sikuandika neno.

Niliporudi kutoka Mfangano nilimweleza mdogo wangu habari hizi kwa mikono yangu mizito, maana nilianza kujifunza nikiwa mtu mzima. Akaniuliza jina la ishara la profesa ni lipi, kwa kuwa viziwi humpa mtu jina lake. Sikuwa nalo. Akafikiri, akasema si adabu yeye kumbatiza mtu ambaye hakumwona, akanitaka niandike herufi zake kwa vidole. Nikaandika O, K, O, nikakosea herufi iliyofuata, akanirekebisha.

Ijumaa bado tunakwenda msikitini pamoja. Yeye hukaa safu ya nyuma wakati wa khutba, anaangalia migongo ya watu, maana hakuna wa kumfasiria, na nimelipeleka jambo hili kwa kamati mara mbili bila ya jibu. Tukitoka tunakaa barazani na mimi namsimulia khutba kwa ishara. Ijumaa iliyopita ilichukua robo saa, na watoto watatu wa jirani walisimama wakitazama. Mmoja wao akauliza inasemwaje subira. Mdogo wangu akamwonyesha.