Lord Delamere na vita vya kutu ya ngano

Msafiri atokaye Nyeri akapita Naro Moru na Nanyuki kuelekea Timau huyaona mashamba ya ngano yakipanda mteremko wa Mlima Kenya hadi penye baridi kali. Safari ya kuitafuta mbegu ya kustahimili nyanda kama hizo ilianza ng'ambo ya pili ya milima ya Aberdare, huko Njoro, na aliyeianzisha ni mtu ambaye jina lake huzusha hasira hadi leo kila suala la ardhi linapotajwa.

Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Alizifikia nyanda za juu za Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1897, akiwinda, baada ya safari ndefu kutoka pwani ya Somalia. Aliporejea kuishi, serikali ya kikoloni ilimkodishia ekari 100,000 Njoro kwa miaka 99. Mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa kwenda Laikipia, na kuanzia mwaka 1911 wakang'olewa huko nako ili kuwapisha walowezi. Sifa yoyote apewayo Delamere haiwezi kutengwa na dhuluma hiyo.

Nyasi za Njoro zilipendeza macho, lakini udongo wake ulipungukiwa na madini. Kondoo wa merino aliowaagiza kutoka New Zealand walikufa kwa wingi, na ng'ombe nao wakapukutishwa na maradhi. Ndipo alipogeukia ngano.

Mwaka 1908 aliasisi kampuni ya Unga, na haukupita muda akawa na ekari zipatazo 1,200 za ngano. Kisha ikaja kutu. Huu ni ukungu usafirishwao na upepo, ambao hutoa vipele vyekundu kwenye majani na mabua, ukanyonya chakula cha mmea hata punje zikasinyaa. Katika nchi za baridi, majira ya theluji huukatiza. Chini ya ikweta hakuna mapumziko hayo, kwani ngano mbichi hupatikana mahali fulani karibu mwaka mzima. Mavuno yakateketea.

Mwingine angefungasha virago. Delamere alifungua maabara shambani mwake na kumwajiri mtaalamu, G. W. Evans, azalishe mbegu chotara. Ilikuwa kazi ya subira. Ngano hujichavusha yenyewe. Kwa hiyo sharti ua lifunguliwe lingali changa, sehemu zake za kiume zitolewe kwa kibano, kisha lipakwe chavua ya mmea mwingine. Punje chache zipatikanazo hupandwa, zinazougua zikatupwa, zinazosalimika zikapandwa tena, msimu baada ya msimu. Ngano ya Rieti kutoka Italia, ambayo ilihimili kutu, ilichanganywa na aina za Australia.

Kilimo cha walowezi kilienea pia upande wa Mlima Kenya, ambako shemeji yake, Berkeley Cole, aliishi Naro Moru. Baadaye serikali iliichukua kazi ya kuzalisha mbegu, na mwaka 1927 kituo chake kikaanzishwa Njoro.

Delamere alifariki Novemba 1931 na kuzikwa Soysambu, akiacha deni la benki la takriban pauni 500,000. Sanamu yake iliyosimama katikati ya Nairobi iliondolewa baada ya uhuru.

Ngano zilizozalishwa Kenya zilitumiwa na watafiti wa Mexico na Australia kama chimbuko la kinga dhidi ya kutu. Hata hivyo, ukungu huo nao hubadilika. Mwaka 1998 aina mpya, iliyokuja kuitwa Ug99, iligunduliwa Uganda, na katika miaka michache ikawa imeingia Kenya. Mbegu kutoka nchi nyingi zikaanza kupelekwa Njoro kupandwa makusudi penye kutu, ionekane ni ipi itakayosimama.