Richard Kandt: Daktari aliyechagua vilima vya Kigali

Jina la Richard Kandt halitajwi sana nje ya Rwanda, lakini jiji zima limesimama juu ya uamuzi wake. Alizaliwa Desemba 17, 1867, mjini Posen, ambao leo ni Poznań nchini Poland, katika familia ya Kiyahudi iliyoitwa Kantorowicz. Baadaye alibadili jina, akasomea udaktari na kujikita katika magonjwa ya akili.

Kilichomleta Afrika Mashariki mwaka 1897 hakikuwa tiba, bali hamu ya kujua Mto Nile unaanzia wapi. Mwaka uliofuata alifika kwenye chemchemi ya mto Rukarara, ndani ya msitu wa Nyungwe, akaamini kwamba hapo ndipo penye chanzo. Aliishi miaka kadhaa karibu na Ziwa Kivu, na mwaka 1904 akachapisha kitabu chake, Caput Nili.

Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilimteua kuwa Mkaazi wake nchini Rwanda. Mfalme Yuhi wa Tano Musinga alikuwa na makao yake Nyanza, upande wa kusini. Kandt hakujenga huko. Alichagua kilima cha Nyarugenge, karibu na katikati ya nchi, ambako misafara ingeweza kupita kuelekea kila upande. Wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu na Waswahili walifuata, nacho Kiswahili kikapata makazi.

Kumwita mwanzilishi wa Kigali kunahitaji tahadhari, kwani vilima hivyo vilikuwa na wenyewe kabla yake, na kituo chake kilikuwa chombo cha utawala wa kigeni. Wala hakuacha ramani ya jiji. Aliacha mahali, na mahali hapo ni miinuko mikali inayotiririsha maji ya mvua hadi mabonde yenye majimaji.

Aliondoka kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kupamba moto, na alifariki Nuremberg Aprili 29, 1918, akiwa na umri wa miaka 50. Wabelgiji waliowarithi Wajerumani waliitawala Ruanda-Urundi kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, na Kigali ikabaki mji mdogo. Ilipofanywa mji mkuu wa nchi huru mwaka 1962, ilikuwa na wakazi wapatao 6,000 tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.7.

Wapangaji wa leo, wenye mpango mkuu unaotazama hadi mwaka 2050, wanapambana na jiografia ile ile aliyoichagua. Viwanda vimeondolewa katika bonde la Gikondo ili lirudi kuwa ardhi oevu, nalo bonde la Nyandungu limekuwa bustani ya umma. Si kazi isiyo na machungu: familia zilizojenga mabondeni na kwenye miteremko ya hatari zimelazimika kuhama.

Nyumba ya Kandt ni makumbusho sasa, na Nyarugenge ni jina la mojawapo ya wilaya tatu za jiji.