Askofu Joseph Kiwanuka na Wasaidizi Wake

Joseph Kiwanuka alizaliwa mwaka 1899 huko Nakirebe, katika nchi ya Buganda. Mwaka 1929 akapewa upadre, kisha akasoma sheria za Kanisa mjini Roma. Tarehe 29 Oktoba 1939 Baba Mtakatifu Pio XII akamweka wakfu kuwa Askofu, akamkabidhi Masaka, ambako mapadre walikuwa Waafrika. Watu wengi, hata ndani ya Kanisa, waliona mashaka. Kama Masaka ingeanguka, mlango ungefungwa kwa wana wengine wa Afrika.

Basi, Kiwanuka hakutaka padre ashike peke yake sakramenti, fedha, shule na majengo. Padre ashindaye akihesabu matofali, atamfikia mgonjwa saa ngapi? Akaweka baraza katika parokia, nao Wakristu wakachagua wenyewe wajumbe wa kuangalia mali ya misioni. Kwa ajili ya shule akaunda vyama vya wazazi. Jambo hilo lilikuwa geni kabisa, miaka mingi kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hata leo karani wa parokia huko Kamina, akitunza vema daftari la ubatizo na la sadaka, humpa padre nafasi ya kwenda vijijini.

Mapadre wake nao aliwapeleka ng'ambo wakasome zaidi.

Mwaka 1960 akafanywa Askofu Mkuu wa Rubaga. Masaka ikapokewa na Adrian Ddungu, mwana wa Uganda vilevile. Kiwanuka akafariki tarehe 22 Februari 1966.