Mganga Hajigangi

Mimi ni mgonjwa wa soriasisi. Ngozi yangu huota magamba, na wako wanaokataa kunipa mkono wakidhani ni ukoma. Ndiyo maana maisha ya Jean-Paul Marat hunigusa.

Alizaliwa mwaka 1743 huko Boudry, ambako leo ni Uswisi. Alitibu wagonjwa London na Paris, kisha akawa mwandishi mkali wa Mapinduzi ya Ufaransa. Lakini ngozi ilimwasha mno hata akawa anaandika huku amekaa katika hodhi la maji ya dawa. Humo ndimo Charlotte Corday alimwua kwa kisu tarehe 13 Julai 1793.

Wako waliosema alikuwa na upele, wengine ukurutu, wengine kaswende. Mwaka 2019 wataalamu walichunguza damu yake iliyokauka gazetini, wakakuta kuvu inayohusiana na mba. Ubishi haukuisha.

Marat hakuwa na wa kumpimia ngozi yake. Sisi tunao: daktari huchukua kipande kidogo, akakichunguza kwa hadubini. Basi tupimwe kabla ya kuhukumiwa. Soriasisi haiambukizi, nipe mkono.