Edwin Howard Armstrong

Edwin Howard Armstrong (18 Desemba 1890 – 1 Februari 1954) alikuwa mhandisi wa umeme na mvumbuzi kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni utangazaji wa FM, uliopunguza sana kelele katika redio za nyumbani.

Maisha na uvumbuzi wa kwanza

Alizaliwa jijini New York akakulia Yonkers. Alihitimu Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1913.

Redio za wakati ule zilikuwa na sauti hafifu. Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi, Armstrong alirudisha sehemu ya mkondo uliokuzwa na vali kwenye mwanzo wa vali hiyohiyo ili ukuzwe tena na tena. Stesheni za mbali zikasikika vizuri, ingawa marejesho hayo yakizidi redio hupiga mluzi. Mwaka 1918, akiwa na jeshi la Marekani nchini Ufaransa, alibuni superheterodini, muundo uliokuja kutumika katika redio nyingi duniani.

Kelele na FM

Kukuza sauti hakukuondoa kelele. Katika AM, sauti hubebwa na kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi. Radi na mota za umeme nazo hubadili nguvu hiyo, na redio haiwezi kuzitenga. Kwa mfano, msikilizaji wa Ujiji anayefungulia masafa ya kati wakati wa ngurumo juu ya Ziwa Tanganyika husikia mikwaruzo. Akipandisha sauti, mikwaruzo nayo hupanda. Usikivu hutegemea matangazo yanaizidi kelele kwa kiasi gani, wala si ukubwa wa sauti peke yake.

Armstrong aliacha nguvu ya wimbi bila kubadilika, akabadilisha idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Redio ya FM hukata mabadiliko ya nguvu, na sehemu kubwa ya kelele hutoweka pamoja nayo. Alipewa hataza tarehe 26 Desemba 1933, akaonyesha mfumo huo hadharani mwaka 1935.

Kesi na kifo

Mwaka 1945 serikali ya Marekani iliihamishia FM kwenye masafa mengine, na redio za FM zilizokwisha kuuzwa zikapitwa na wakati. Mwaka 1948 Armstrong aliishtaki kampuni ya RCA kwa kutumia uvumbuzi wake bila malipo. Kesi ilimmaliza mali na afya, akajiua jijini New York. Mjane wake, Marion, aliendelea kudai haki. RCA ililipa takriban dola milioni 1 kwa makubaliano mwaka 1954, na kesi ya mwisho, dhidi ya Motorola, alishinda mwaka 1967.

Urithi

Leo FM husikika duniani kote. Udhaifu wake ni kwamba mawimbi yake hayafiki mbali na huzuiwa na milima. Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, hivyo matangazo ya FM ya huko huhitaji mtambo wa kurushia ulio karibu, wakati masafa mafupi huweza kufika yenyewe, pamoja na mikwaruzo yake.