Einhorn na Sindano ya Ganzi
Sisi watu wa pwani ganzi twaijua tangu utotoni. Embe mbichi ikizidi, meno hayashiki tena. Ganzi nitakayo kuieleza leo ilipikwa maabarani, na mpishi wake ni Alfred Einhorn, mkemia wa Kijerumani aliyezaliwa Hamburg mwaka 1856 na kufanya kazi miaka mingi mjini Munich.

Mwaka 1884 Carl Koller alionyesha huko Vienna kwamba matone ya kokeini huondoa maumivu ya jicho. Waganga wakaidaka dawa, wakaidunga hata mwilini. Kumbe ina sumu! Ikizidi kiasi huua, na William Halsted, daktari mpasuaji wa Marekani aliyejijaribia mwenyewe, ilimfanya mtumwa wake. Tena dawa ya sindano yataka ichemshwe vijidudu vife, nayo kokeini ikichemshwa huharibika.

Einhorn akaanza kuunda dawa badala yake. Orthoform ilitia ganzi, ila haikuyeyuka vyema majini. Sasa dawa isiyoyeyuka ataidunga nani? Nirvanin ikayeyuka, lakini ikawasha mwili. Namsifu hapo hasa, kwani alitambua kuwa kutia ganzi peke yake hakutoshi: dawa sharti iyeyuke, isichome, istahimili moto.

Mwaka 1904 hakimiliki ya dawa iliyotimiza yote hayo iliandikishwa. Alikuwa ameiunganisha asidi ya para-aminobenzoiki na alkoholi yenye naitrojeni, akaigeuza chumvi kwa asidi ya hidrokloriki. Na chumvi hiyo huyeyuka majini bila taabu. Kiwanda cha Hoechst kikaiuza kwa jina la Novocain, yaani kokeini mpya.

Ilibaki kasoro moja. Dawa hii hupanua mishipa ya damu, ikachukuliwa upesi na ganzi ikatoweka. Mpasuaji Heinrich Braun aliitia adrenalini kidogo mwaka 1905, mishipa ikabana, ganzi ikakaa.

Husimuliwa kwamba Einhorn aliikusudia wapasuaji, akachukizwa kuona waganga wa meno wakiing'ang'ania. Mimi sioni sababu ya kununa, na aliyewahi kung'olewa gego ataniunga mkono. Alifariki Munich mwaka 1917. Lidokeini ya Waswidi Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, imeishika nafasi ya dawa yake. Lakini Marekani hadi leo wapo wagonjwa waombao Novocain kwa daktari wa meno, wakadungwa lidokeini.