Kufa kwa Daktari Livingstone, na Faraja ya Waliobaki

Mtu akifia kazini mwake, watu wana desturi ya kuwaambia waliofiwa ya kwamba marehemu amekufa katika jambo alilolipenda. Mvuvi akizama baharini husemwa hivyo. Mwalimu akianguka mbele ya ubao wake husemwa hivyo. Katika kijitabu hiki cha yubile yametajwa majina ya wengi waliofia kazini, na bila shaka maneno hayo yalisemwa makaburini pao. Mimi nami nimeyasema mara nyingi, wala sikuyapima. Basi, wasomaji, na tuyapime sasa kwa habari za mtu mmoja ambaye maneno hayo yamesemwa sana juu yake, naye ni David Livingstone.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini, naye alipopata miaka kumi alitiwa katika kiwanda cha kusokota pamba, akafanya kazi tangu saa kumi na mbili asubuhi hata saa mbili usiku. Aliweka kitabu wazi juu ya mtambo, akasoma sentensi moja moja kila alipopita. Kwa njia hiyo alijifunza Kilatini, kisha uganga, hata mwaka 1840 akapewa cheti cha udaktari. Mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini. Huko Mabotsa, mwaka 1844, simba alimrukia akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega, nao haukuunga vizuri maisha yake yote. Msomaji aukumbuke mkono huo, maana tutauona tena.

Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari. Walijenga nyumba, wakaiacha, wakajenga nyingine. Mwaka 1849 Livingstone alivuka jangwa la Kalahari akafika Ziwa Ngami, na tangu siku hiyo hakuweza kutulia. Aliyemtuma alimtuma afundishe na kuponya, naye alifundisha na kuponya. Lakini alilolipenda lilikuwa kwenda mbele, kuuona mto ambao hajauona, kupima kwa nyota mahali alipo na kupaandika. Si kwamba mapenzi yake yalikuwa ya bure. Aliona misafara ya watumwa kwa macho yake, akaamini ya kwamba mito ikijulikana, biashara halali itaingia na biashara ya watu itakufa. Lakini mtu aweza kuwa na sababu njema, na bado kazi yake ikawa pia tamaa ya moyo wake.

Gharama ya tamaa hiyo wengine waliilipa. Mwaka 1852 alimrudisha mkewe Uingereza pamoja na watoto wanne, naye akageuka kwenda zake bara. Akafika Luanda pwani ya magharibi mwaka 1854, na Quelimane pwani ya mashariki mwaka 1856. Na katikati ya safari hiyo, mwaka 1855, aliyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Miaka hiyo minne Mary aliishi kwa dhiki, akihama nyumba kwa nyumba. Bwana alirudi na sifa kubwa. Mwezi wa Desemba 1857 alisema na wanafunzi huko Cambridge, na kwa hotuba ile ikaanzishwa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyokuja baadaye kukaa Unguja. Mwaka 1858 akatoka tena kwenda Zambezi. Mary alimfuata mwanzo wa mwaka 1862; hakumaliza hata miezi minne, akafa kwa homa huko Shupanga tarehe 27 Aprili, akazikwa chini ya mbuyu. Robert, mwana wao wa kwanza, alikwenda Marekani akaingia katika vita vya huko, akafa kifungoni mwaka 1864. Na Anna Mary, mtoto wa mwisho, alizaliwa mwaka 1858, lakini baba yake alimwona mara ya kwanza mwaka 1864. Sisemi haya ili kumhukumu marehemu. Nayasema kwa sababu watu wakisifu mapenzi ya mtu kwa kazi yake husahau kuuliza ni nani aliyeketi nyumbani.

Safari ya mwisho ilianza mwaka 1866, kutoka Unguja hata mlango wa mto Ruvuma. Alitaka kuona chimbuko la mto Nile. Alidhani ya kwamba akilipata, watu wakubwa wa Ulaya watamsikiliza atakaposema juu ya utumwa. Mwezi wa Januari 1867 watu wawili walitoroka na sanduku lake la dawa. Naye alijua mara moja ya kwamba hasara ile huenda ikawa mauti yake. Hata hivyo aliendelea. Aliona ziwa Mweru, kisha Bangweulu. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, penye mto mkubwa wa Lualaba, akaamini ya kuwa ndio Nile. Hapo, tarehe 15 Julai, aliona watu wa wafanya biashara wakiwapiga bunduki wanawake waliokuja sokoni, na mamia wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Akarudi Ujiji amechoka, hana kitu. Hapo ndipo Stanley alipomkuta na chakula, dawa na barua.

Stanley alimsihi arudi kwao, akapumzike, akatiwe meno, apate nguvu, kisha akitaka aje tena. Njia ya pwani ilikuwa wazi. Lakini katika barua za siku hizo mlikuwa na moja ya binti yake Agnes. Aliandika ya kwamba ingawa anatamani sana baba yake arudi, ni afadhali amalize kazi yake hata yeye mwenyewe aridhike, kuliko kurudi ili kumpendeza yeye tu. Livingstone aliyafurahia sana maneno hayo. Nimefikiri mara nyingi juu ya msichana yule na kalamu yake. Alimpa baba yake ruhusa, na ruhusa hiyo ndiyo zawadi kubwa mtoto awezayo kumpa mzazi wa namna ile. Lakini hakujua alikuwa akitia sahihi chini ya nini.

Stanley akaenda zake mwezi wa Machi 1872. Livingstone alingoja Unyanyembe mpaka watu na vitu vilipofika kutoka pwani, akaondoka tarehe 25 Agosti kuelekea kusini.

Mwanzo wa mwaka 1873 waliingia katika kinamasi cha Bangweulu, nayo ilikuwa masika. Vipimo vyake vilikuwa vimeharibika, akapotea mahali ambapo alikuwa amepita karibu napo zamani. Mvua haikukoma. Watu walikwenda katika maji ya kiunoni, wakambeba mabegani wakipokezana. Alikuwa akitoka damu nyingi, hawezi kula. Tarehe 21 Aprili alipandishwa juu ya punda, akaanguka chini. Tangu hapo alichukuliwa kwa machela, na kila walipomwinua aliona maumivu makali, akawaomba wamlaze kidogo. Tarehe 27 aliandika mistari michache ya mwisho katika daftari, ya kwamba amechoka kabisa, na watu wametumwa kununua mbuzi wa maziwa. Katika siku zilizofuata hakuandika neno.

Tarehe 29 walifika kijiji cha Chitambo, katika Ilala, ambayo leo ni sehemu ya Zambia. Nyumba ilikuwa haijawa tayari, basi walimlaza chini ya upenu, mvua ikinyunya. Siku ya pili mzee Chitambo alikuja kumsalimu. Mgonjwa akaomba aje kesho. Alasiri alimwita Susi amletee saa yake, Susi akaishika katika kiganja huku yeye mwenyewe akiitia ufunguo.

Usiku yapata saa tano zilisikika kelele za watu. Aliuliza ni nini. Susi akamwambia ni watu wanafukuza nyati mashambani. Baada ya kimya aliuliza kama hapo ni Luapula. Susi akajibu ya kuwa ni kijijini kwa Chitambo. Akanyamaza tena, kisha kwa Kiswahili akauliza ni siku ngapi kwenda Luapula. Susi akasema yapata siku tatu.

Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji wasimame. Yule Bwana alikuwa na tamaa ya mto, na mto ulikuwa mbele yake siku tatu. Hakuwa akifanya alilolipenda. Alilolipenda lilikuwa kutembea kwa miguu yake, nayo ilikuwa imekwisha; kupima nyota, na mbingu ilikuwa mawingu; kuandika, na kalamu ilikuwa imeanguka. Kazi ile ilikuwa imekwisha kumwacha kabla ya pumzi. Nadhani ni hivyo kwa wengi. Ugonjwa hutangulia kumnyang'anya mtu kazi yake, kisha humwua. Na kwa kuwa aliipenda, kuikosa humwuma kuliko mtu asiyeipenda. Nasi twasimama kaburini twasema amefia ndani yake!

Baada ya saa moja alimwita Susi achemshe maji na kulileta sanduku la dawa. Mshumaa ukashikwa karibu, maana hakuona vema, akachagua dawa, akamwambia Susi aweza kwenda. Karibu na alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 kijana Majwara, aliyelala mlangoni, alikuja mbio kumwamsha Susi. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa juu ya mito, uso katika viganja vyake. Alikuwa amekwisha kupoa. Kama alipata faraja saa ile, aliitafuta magotini. Na aliyoyanena hakuna aliyeyasikia.

Sasa nitasema upande wa pili, maana si haki kuuacha. Kama angalimfuata Stanley pwani, huenda angalikufa katika kitanda safi huko Uingereza, watoto wake wamemzunguka, naye amegeuza uso ukutani akiuliza ni siku ngapi kwenda Luapula. Mtu wa namna ile huwezi kumwokoa kwa kumrudisha. Na miaka thelathini aliyotembea ilikuwa na furaha ya kweli. Kila asomaye madaftari yake ataiona, hata penye njaa. Furaha hiyo alikuwa nayo akiwa hai. Siwezi kuihamisha niiweke katika usiku ule.

Watu wake walikubaliana kumrudisha kwao. Farijala, aliyekuwa zamani mtumishi wa daktari huko Unguja, alipasua maiti, akakuta ubavuni pande la damu iliyoganda, kubwa kama mkono wa mtu. Moyo na matumbo vilitiwa katika sanduku la bati, vikazikwa chini ya mti wa mvula, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko na kuchora jina juu ya gome. Mwili ulitiwa chumvi, ukakaushwa kwa jua siku kumi na nne, ukafungwa kwa nguo, kwa gome la mti na kwa tanga. Huko Unyanyembe Luteni Cameron aliwashauri wauzike hapo, walikataa. Walipozuiliwa na watu wasiotaka maiti ipite, walifunga mzigo wa uongo wakaurudisha nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota ya nguo. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo, baada ya mwendo wa miezi tisa. Hawakumbeba kwa ajili ya chimbuko la Nile. Chuma aliokolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861, akiwa kijana. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, mahali alipozikwa Mary.

Katika London mwili ulitambulikana kwa mfupa ule wa mkono wa kushoto. Ukazikwa katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, na nchi nzima ikajifariji ya kwamba shujaa amefia kazini. Lakini mwaka 1877 Stanley aliufuata mto Lualaba hata ukamtoa kwenye bahari ya magharibi: ulikuwa mto Kongo. Livingstone alikufa akitafuta Nile mahali isipokuwapo. Tena, tarehe 5 Juni 1873, wiki tano baada ya kufa kwake, Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga masoko ya watumwa, na barua ya Livingstone juu ya mauaji ya Nyangwe ilikuwa imesaidia sana kuwaamsha Waingereza. Habari hiyo pia haikumfikia. Basi hakujua alipokosea, wala hakujua alipofaulu.

Susi na Chuma walifika Uingereza maziko yamekwisha. Walikaa wakimsaidia Padre Horace Waller kuyapanga madaftari ya marehemu, nao ndio waliomweleza mambo ya siku ambazo daftari lilikuwa tupu. Huko Newstead walijenga kwa mikono yao mfano wa kibanda alimofia Bwana wao, kwa miti na majani, ili watu waone kilivyokuwa. Iko picha ya mwaka ule, iliyopigwa hapo Newstead: Susi, Chuma na Waller, na pamoja nao Thomas na Agnes, watoto wa marehemu. Agnes, aliyeandika ile barua, aliyasikia kutoka kwa watu waliokuwapo.